Kilo 15 za Ziada Shingoni mwa Gitaa

Magitaa mengi ya umeme hubebeshwa lawama isiyo yao. Mpigaji aliyezoea nyuzi za namba 9 anaamua kupanda hadi namba 11. Anafungua za zamani, anafunga mpya, anatyuni, anachomeka waya kwenye amplifaya, na papo hapo mambo yanakwenda mrama. Nyuzi zimekaa juu kiasi cha kuumiza vidole. Akivuta uzi mmoja na kuuachia, gitaa zima halirudi pale lilipokuwa. Karibu na kichwa cha gitaa sauti zinakubaliana, lakini akipanda hadi freti ya 12 zinagombana. Hukumu inatoka kabla ya kesi kusikilizwa: gitaa hili bovu, ama nyuzi hizi feki. Katika mazungumzo ya leo nataka kulitetea gitaa hilo. Ninashikilia kwamba mara nyingi hakuna kilichoharibika. Gitaa limetwishwa mzigo mpya huku maungo yake yote yakiwa bado yamepangwa kwa mzigo wa zamani. Na mwenyewe anapojaribu kulirekebisha, huanza na kile anachokiona kwa macho, yaani kimo cha nyuzi, kumbe hicho ni dalili tu. Chanzo kinabaki pale pale, na kila anachogusa baada ya hapo kinavuruga kingine.

Tuanze na mzigo wenyewe, kwa kuwa ni wachache wanaoufikiria kwa kilo. Tunaposema nyuzi za namba 9 tunataja unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, ambao ni inchi 0.009. Wa namba 11 ni inchi 0.011. Tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Jicho haliioni, ndiyo maana tunaidharau. Lakini kanuni za nyuzi, alizoziandika Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1636 katika kitabu chake Harmonie universelle, haziidharau. Urefu ukiwa ule ule na sauti ikiwa ile ile, uzi mzito zaidi lazima uvutwe kwa nguvu zaidi, na uzito wa uzi hukua kwa mraba wa unene wake. Kwa hiyo uzi ulionenepa kwa asilimia 22 unadai mvuto ulioongezeka kwa karibu nusu nzima. Kwenye gitaa lenye urefu wa nyuzi wa inchi 25.5, kama Stratocaster au Telecaster, uzi wa kwanza wa namba 9 uliotyuniwa kwenye E yake ya kawaida huvuta kwa takriban kilo 6. Wa namba 11 huvuta kwa takriban kilo 9. Jumlisha zote sita: seti ya kawaida ya 9 hadi 42 huvuta kwa karibu kilo 39, na seti ya 11 hadi 49 huvuta kwa karibu kilo 54. Hizo ni kilo 15 za ziada, na zinavuta usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala ndani ya mfuko wake.

Nani anazipokea kilo hizo? Shingo kwanza. Shingo ya gitaa ni ubao mwembamba, unene wake haufiki hata sentimita tatu, na nyuzi zinapita juu yake, hazipiti katikati yake. Zikivuta, zinakivuta kichwa kije mbele, na sehemu ya kati ya shingo inazama kidogo. Mpigaji haoni kuzama huko. Anachokiona ni nyuzi zilizoachana na freti. Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa California, mwanzoni aliamini kwamba mbao ngumu ya mepo ingetosha kuuhimili mvuto huo bila msaada, na magitaa yake ya kwanza ya Esquire ya mwaka 1950 yalitoka bila nondo ndani ya shingo. Shingo zikapinda, wauzaji wakalalamika, na haikuchukua muda nondo ikawekwa. Wala nondo yenyewe haikuwa ugunduzi mpya: Thaddeus McHugh, aliyefanya kazi katika kampuni ya Gibson, alikuwa amepata hataza yake mwaka 1923. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo wenye magitaa huliona gumu kuamini: mbao hupinda kwa nguvu za nyuzi tu, hata mbao ngumu, hata mikononi mwa fundi aliyejua kazi yake. Nondo ile imewekwa ili irekebishwe mzigo unapobadilika. Kuiacha ilivyo baada ya kuongeza kilo 15 ni kukataa msaada uliomo tayari ndani ya gitaa.

Wa pili kupokea mzigo ni daraja, pale nyuzi zinapokalia upande wa mkono wa kulia. Kama daraja limefungwa kwa skrubu kwenye mwili, kama lile la Telecaster, halina la kufanya. Mwili ni mnene na haupindi. Lakini gitaa lenye tremolo inayoelea, kama Stratocaster nyingi na yale yenye mfumo wa Floyd Rose, ni habari nyingine. Huko daraja linaning'inia katikati ya nguvu mbili, kama mizani ya sokoni. Upande mmoja nyuzi sita zinalivuta kuelekea kichwani. Upande wa pili, ndani ya tumbo la gitaa, springi tatu au zaidi zinalivuta lirudi. Ongeza kilo 15 upande mmoja bila kuugusa wa pili, na daraja litainama mbele, mkia wake ukanyanyuka. Vile vikalio sita ambavyo nyuzi hulalia vinapanda pamoja nalo, na nyuzi zinapanda navyo. Sasa mwangalie mpigaji anavyotaabika. Anautyuni uzi wa sita, daraja linanyanyuka kidogo, uzi wa kwanza unalegea. Anaukaza wa kwanza, daraja linanyanyuka tena, wa sita unashuka. Anazunguka nyuzi zote mara tano, na kila mzunguko unafuta sehemu ya kazi ya mzunguko uliotangulia. Mwishowe sauti zinakaa, lakini daraja limesimama kama kiti kilichoinuliwa miguu ya nyuma. Akichukua alenki na kuvishusha vikalio ili nyuzi zirudi chini, atafanikiwa kwa siku hiyo. Siku atakapokuja kulinyoosha daraja, nyuzi zote zitagonga freti.

Hapa najua kuna msikilizaji anayesema: basi nyuzi nene ni hatari, tusiziweke kabisa. Historia inamjibu. Magitaa ambayo leo tunayatazama kama kielelezo, yaani Telecaster, Les Paul ya mwaka 1952 na Stratocaster ya mwaka 1954, yalizaliwa katika enzi ya nyuzi nene. Seti za wakati ule zilianzia kama namba 12, na uzi wa tatu ulikuwa umezungushiwa waya, tofauti na uzi mtupu tulionao leo kwenye seti nyingi. Stratocaster za mwanzo zilitoka kiwandani na springi tano ndani ya tumbo, siyo tatu tunazozikuta mara nyingi sasa. Nyuzi nyembamba ndizo zilizokuja baadaye: mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapigaji wa Marekani waliotaka kuvuta nyuzi kwa urahisi walikuwa wakiazima nyuzi za banjo, hadi Ernie Ball, aliyekuwa na duka California, akaanza kuuza seti nyembamba zilizo tayari. Kwa hiyo gitaa zima, lenye nondo inayofanya kazi, linaubeba mzigo huo. Linachohitaji ni kupangwa upya kwa ajili yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka upande mwingine. Wapo wanaosema nyuzi nene hazina faida, kwamba sauti nzito hutoka kwenye vidole na amplifaya. Ushahidi wao si haba. Tony Iommi wa Black Sabbath alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani huko Birmingham akiwa kijana wa miaka 17. Kwa sababu ya maumivu alitumia nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza chini ya sauti ya kawaida, na hata hivyo gitaa lake likawa msingi wa muziki mzito kuliko wote wa zama zake. Mbele ya mfano huo siwezi kudai kwamba unene wa uzi huleta uzito wa sauti peke yake, na anayebadilisha kwa matumaini hayo pekee ningemshauri abaki alipo. Lakini kuna sababu nyingine mbili ambazo nazikubali bila kusita. Ya kwanza ni mkono. Mpiga ridhim anayechapa nyuzi kwa nguvu saa nne mfululizo ukumbini, kila pigo linaunyoosha uzi mwembamba kiasi cha kuipandisha sauti kabla haijatulia. Uzi mnene unastahimili pigo lile lile na kubaki kwenye noti yake. Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni tyuni ya chini. Bendi nyingi hushusha magitaa kwa nusu toni au toni nzima ili kumfaa mwimbaji. Seti ya namba 9 ikishushwa toni nzima hubaki na mvuto wa takriban kilo 31 tu, na nyuzi zinakuwa laini hadi kidole chenyewe kikibonyeza kinaipotosha noti.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba hatua ya kwanza ya kazi hii haihitaji bisibisi hata moja. Amua kwanza gitaa litaishi kwenye tyuni gani. Kushusha nusu toni hupunguza mvuto kwa kama asilimia 11. Seti ya namba 11 iliyovuta kilo 54 kwenye tyuni ya kawaida, ukiishusha nusu toni inavuta kilo 48, na seti ya namba 10 kwenye tyuni ya kawaida inavuta 47. Tofauti ni kilo moja! Mpigaji anayetoka kwenye namba 10 za kawaida kwenda kwenye namba 11 za nusu toni chini atakuta shingo na daraja havijasogea kwa kiasi cha kushtua. Stevie Ray Vaughan, yule mpiga blues wa Texas, anasifiwa kwa nyuzi zake za namba 13, na vijana huzinunua kwa kumwiga wakasahau kwamba gitaa lake lilikuwa limeshushwa nusu toni. Urefu wa nyuzi nao uhesabu: magitaa mengi ya Gibson yana inchi 24.75, na ufupi huo peke yake hupunguza mvuto kwa kama asilimia 6. Anayerekebisha gitaa kwenye tyuni moja kisha akalipiga kwenye nyingine amefanya kazi yote bure.

Tyuni ikishaamuliwa, mizani ya daraja ndiyo ya kwanza kwa wenye tremolo. Fungua kifuniko cha nyuma. Utaona springi zimeshikwa na bamba lenye kulabu, na bamba hilo limefungwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Kuna njia inayookoa saa nzima ya kuzunguka na tyuna. Kabla ya kukaza nyuzi mpya, chomeka kipande cha mbao laini kati ya kile kitofali cha chuma kilicho chini ya daraja na ukuta wa tundu ulio upande wa mkia wa gitaa. Kipande kiwe na unene wa kulishikilia daraja pale unapotaka litulie. Sasa tyuni nyuzi zote hadi sauti yake kamili. Daraja haliwezi kunyanyuka, hivyo uzi mmoja hauwezi kuulegeza mwingine. Kisha kaza zile skrubu mbili kidogo kidogo, huku na huku kwa usawa. Nguvu ya springi inapofikia nguvu ya nyuzi, kipande cha mbao kinalegea na kudondoka chenyewe. Hapo mizani imesawazika. Kama skrubu zinakaribia kuisha na mbao bado imebanwa, ongeza springi ya nne. Wapo wasiotumia mkono wa tremolo kabisa, na hao wanaweza kuacha mbao humo moja kwa moja. Ni uamuzi wa busara na gitaa litatulia zaidi.

Baada ya daraja ni shingo, na hapa ndipo hofu ilipo. Wengi wameambiwa nondo isiguswe kamwe, itakatika. Hofu hiyo ina mzizi wa kweli, kwa sababu nondo iliyolazimishwa hukatika, na kuitengeneza ni gharama. Lakini kinachoivunja ni pupa. Gitaa likiwa limetyuniwa, bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili kwenye freti iliyopo pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba. Kwa Stratocaster ya kisasa nafasi inayofaa ni kama robo ya milimita, na kipimo kizuri ni fila, yale mabamba membamba ambayo mafundi wa pikipiki hupimia nafasi za valvu. Baada ya kuweka nyuzi nene nafasi hiyo kwa kawaida itakuwa imeongezeka. Legeza kidogo nyuzi za kati, ingiza alenki inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha nondo, zungusha robo mzunguko kuelekea mwendo wa saa, tyuni tena, pima tena. Kama alenki haiendi kwa nguvu ya kawaida ya kiganja, acha hapo hapo na umpelekee fundi. Kwa mwendo huo wa robo kwa robo sioni hatari inayozidi ile ya kuiacha shingo ikiwa imepinda.

Sasa njoo kwenye kile kipande cha mfupa au plastiki kilichopo pale shingo inapoishia na kichwa kuanza, chenye vijia sita vya kupitishia nyuzi. Hakisemwi sana, na nadhani ndicho kinachosababisha kesi nyingi za gitaa lisilokaa kwenye tyuni. Kijia kilichochongwa kwa uzi wa sita wa inchi 0.042 hakiwezi kuupokea wa 0.049 bila kuubana. Ukiutyuni utasikia mlio mdogo, tik, na sindano ya tyuna itaruka ghafla badala ya kupanda taratibu. Maana yake uzi ulikuwa umenasa, nguvu ikajikusanya upande wa kichwa, kisha ukaponyoka. Uzi ule ule ukivutwa wakati wa kupiga utaponyoka kuelekea upande wa pili na hautarudi. Si hivyo tu, uzi mnene ndani ya kijia chembamba haufiki chini. Unakaa juu juu, kwa hiyo kubonyeza freti ya kwanza kunahitaji nguvu na noti inapanda kupita kiasi. Dawa yake ni tupa nyembamba ya kazi hiyo, yenye upana unaolingana na uzi, ikisukumwa kwa mteremko kidogo kuelekea kichwani, pamoja na vumbi la penseli ndani ya kijia ili uzi uteleze. Panua kwanza, wakati wa kufunga nyuzi. Kina kingoje hadi shingo inyooke. Kupima kina ni rahisi: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, utazame nafasi juu ya freti ya kwanza. Ikibaki nafasi ndogo mno, kiasi cha unywele, umefika na uweke tupa chini. Ukipitiliza, uzi wazi utagonga freti ya kwanza daima.

Ni baada ya hayo yote ndipo kimo cha nyuzi kinapopata haki ya kuguswa, na mara nyingi utakuta kimejirudi chenyewe au kimekaribia. Kama milimita 1.6 kwenye freti ya 17 ni mwanzo mzuri kwa Stratocaster. Anayechapa kwa nguvu aongeze kidogo. Uzi wenye mvuto mkubwa hautawanyiki sana unapotetemeka, kwa hiyo nyuzi nene huruhusu kimo cha chini kuliko wengi wanavyodhani.

Kinachofuata ni usahihi wa noti kando ya shingo nzima, na hapa muziki wetu wa dansi unadai zaidi kuliko muziki wa kelele. Mpigaji wa roki anayeshika nyuzi mbili za chini karibu na kichwa, tena na sauti iliyokwaruzwa na amplifaya, anaweza kuvumilia kosa dogo kwenye freti ya 12. Mpiga solo wa sebene hawezi. Yeye huishi huko juu ya shingo, sauti yake ni safi kama kengele, na mara nyingi anapiga nyuzi mbili kwa pamoja zikitembea sambamba; kosa la uzi mmoja linasikika ukumbi mzima. Uzi mnene ni mgumu zaidi, na ugumu huo hufanya noti iliyobonyezwa ipande kidogo kuliko hesabu ya urefu inavyotaka. Linganisha uzi ukiwa wazi na ukibonyezwa kwenye freti ya 12. Kama iliyobonyezwa imepanda, kirudishe kikalio nyuma, uzi urefuke. Kama imeshuka, kilete mbele. Tyuni upya kila baada ya kusogeza. Uzi wa tatu utakusumbua kuliko wote, kwa sababu kwenye seti nene uzi huo ukiwa mtupu ni kama fimbo. Kwa seti za namba 12 na kuendelea ningechagua bila wasiwasi ule uliozungushiwa waya, maana kiini chake ni chembamba na unakubali kunyooka kwenye noti, ingawa atakayependa kuuvuta kwa kidole atauona mzito. Wanamuziki wa Kongo wanalijua vyema suala la uzi mmoja kubadili gitaa zima: kwenye lile gitaa la mi-composé la rumba, uzi wa nne hutolewa na kuwekwa mwembamba uliopanda oktava nzima, na kikalio chake lazima kiufuate.

Pikapu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zishushe kidogo upande wa besi, kwa kuwa chuma kingi zaidi huamsha sauti kubwa zaidi, na sumaku iliyo karibu mno huukamata uzi usitetemeke kwa uhuru. Zaidi ya hapo sikio lako ndilo hakimu.

Limebaki pingamizi la mwisho, nalo ni la haki: kwa nini mtu asimwachie fundi kazi yote? Mwenye fundi anayemwamini amwachie. Lakini nje ya miji mikubwa mafundi wa magitaa ya umeme ni wachache mno, na gitaa halirekebishwi mara moja kwa maisha. Mbao huendelea kuitikia mzigo mpya kwa siku kadhaa, hivyo shingo uliyoipima leo ipime tena baada ya wiki. Unyevu wa pwani nao una kauli yake. Bendi inayotoka Arusha au Nairobi kwenda kupiga Tanga au Mombasa inalipeleka gitaa kwenye hewa nyingine kabisa, na robo mzunguko wa nondo unaweza kuhitajika tena. Fundi hawezi kusafiri na bendi. Karibu kila hatua niliyoieleza inarudi nyuma: skrubu ya springi hulegezwa, nondo hulegezwa, vikalio husogezwa. Kisichorudi ni kile kijia kilichochongwa kwenye mfupa. Siku utakapotamani tena nyuzi za namba 9, zitachezacheza ndani ya vijia vipana na kulia vibaya. Kwa hiyo kabla tupa haijagusa chochote, nunua kipande cha pili kama hicho, ukichonge hicho kwa nyuzi nene, na kile cha zamani ukiweke ndani ya mfuko wa gitaa pamoja na alenki yake.